Mkono Ulioachwa Hewani

Nigozeti, Georgia, 9 Januari 1975

Imeda mume wangu,

Barua hii anakuletea Shaliko, yule mhudumu wa behewa kwenye treni ya Moscow, kwa hiyo leo nasema bila kuficha. Ukishaisoma itie motoni.

Binti yako kabatizwa! Jana, ndani ya ghala la divai, mlango tumeukomea serikali isije ikajua, sisi tumesimama katikati ya ile mitungi iliyozikwa ardhini. Padri alileta joho lake ndani ya mkoba wa zana, ungemwona ungedhani fundi wa mabomba. Khatuna alilia mara moja tu, maji yalipomgusa utosini, kisha akamkodolea macho padri mpaka mwisho.

Sasa sikiliza kisanga. Aliyekuwa amsimamie ni kaka yangu Valiko, unajua. Lori lake likanasa kwenye theluji ya mlima Gombori. Padri anatazama saa, ana basi la kuwahi, na mama yako anazunguka ua, haketi hasimami. Mara geti likagongwa. Kufungua, kijana mpana, mkoba begani, masikio yamevimba kama yako. "Hapa ni kwa Imeda Burduli? Mimi Jumber Lomtadze wa Kutaisi, tunajuana naye kwenye judo. Nina neno naye." Mama hakumwacha amalize. "Wewe umebatizwa?" "Nimebatizwa, mama, lakini—" "Lakini ya nini tena? Shika mtoto!" Akamtwika Khatuna mikononi hata mkoba hajautua. Na wewe unajua, ukishaombwa kumsimamia mtoto hukatai, ni kama kumlaani. Maskini alifungua kinywa mara tatu, akakifumba mara tatu.

Basi tumepata ndugu wa ubatizo, tena mwanajudo mwenzio! Ana maneno matamu kama Waimereti wote, hao watu wa Kutaisi, mama kacheka mpaka machozi. Asubuhi hii mama alifua kila kilichokuwa mkobani mwake, hata koti lake la judo, na akalishonea ukosi. Anasema huyu sasa ni mtoto wa nyumba hii, anamfanyia kama anavyokufanyia wewe. Wakati wa kuondoka Jumber alisema, "Mwambieni Imeda nilikuja kwa miguu yangu kumwambia uso kwa uso." Kumwambia nini, sikusikia, mama alikuwa anamsukumia mkate wa jibini mdomoni.

Umefurahi? Niambie umefurahi.

Wako,
Tsiala


Kambini, karibu na Moscow, 17 Januari 1975

Tsiala,

Nimefurahi? Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena natembea, na mpaka sasa sijakaa. Mmenifanya nini nyie watu? Hii anakuletea Shaliko mwenyewe, na jibu mpe yeye, si posta.

Neno alilokuja nalo Jumber mimi nalijua tangu Jumatatu, limebandikwa ukutani hapa. Kashuka uzito. Mwaka jana alikuwa anapigana kilo tisini na tatu, sasa anapigana themanini. Themanini ni uzito wangu! Machi, mjini Minsk, wanachaguliwa wa kwenda kushindana Japani, kila uzito mtu mmoja. Mmoja, Tsiala. Orodha ya themanini ina majina saba, na ya maana ni mawili tu: langu, na la huyo mliyemtwika binti yangu.

Nina miaka ishirini na tisa. Safari ya kwanza walinipita, safari ya pili goti likanisaliti. Hii ikipita hakuna nyingine. Na ni Japani, kule mchezo wenyewe ulikozaliwa! Nimeitaka tangu nina miaka kumi na tano, unajua wewe, uliniudhi mara ngapi kwa kunitania nayo.

Sasa nitamwangushaje ndugu yangu wa ubatizo? Kumbuka kwetu uwanjani, siku ya karamu ya mavuno. Wakiingia kupigana mieleka watu wawili wenye undugu huo, mzee Soso anaweka ngoma chini, zumari linanyamaza, na uwanja mzima unawazomea mpaka watoke. Nimelelewa hivyo, na mikono yangu imelelewa hivyo. Hapa nitamweleza nani? Nikimwambia kocha Pavlovich atacheka, akimaliza kucheka atauliza ubatizo gani huo, na hapo nimekwisha mimi na padri pia.

Roho yangu iko juu juu. Nafunga mkoba, naufungua. Nakimbia msituni mara mbili kwa siku, kocha anadhani ni bidii. Hebu muulize mama: hata kumuuliza mgeni kimemleta nini alishindwa?

Imeda


Nigozeti, 28 Januari 1975

Imeda,

Umenifokea kana kwamba mimi ndiye niliyekwenda kumbeba mgeni Kutaisi. Sawa, nimemeza.

Mama nimemsomea barua yako. Aliendelea kuvunja kokwa za jozi kwa nyundo, alipomaliza bakuli zima ndipo akasema chukua kalamu. Haya ni maneno yake kama yalivyo: "Mwanangu, nisamehe. Niliona mabega yale getini nikadhani ni Mungu kaleta. Ubatizo haufutiki. Lakini Minsk si Nigozeti, huko hakuna ngoma ya Soso. Pigana. Mtoto nilimpa mimi, basi kama kuna dhambi ni yangu. Ila usimwangushe kwa uso, ana pua nzuri."

Basi umepata ruhusa, pamoja na masharti ya pua.

Mimi nina langu, na nalisema waziwazi. Nataka uende Japani. Nimechoka na mume anayekuja nyumbani wiki mbili na kuzimaliza akitembea toka dirishani hadi mlangoni. Nenda, ushinde au ushindwe, kisha urudi ukae kitako, ule chakula chako kama watu. Khatuna anamjua Shaliko kuliko wewe.

Nimekuwekea kamba mbili za churchkhela, za jozi na maji ya zabibu yaliyoganda vizuri. Usizile sasa, najua mizani yenu. Zile baada ya Minsk.

Tsiala


Tbilisi, 6 Februari 1975

Ndugu Imeda,

Naambiwa barua za kambini kwenu husomwa na wengi, kwa hiyo kwanza nawasalimu wote wanaosoma, natumaini hawajambo na familia zao.

Pili, wewe. Nilikuja kwenu Januari ili jambo la kilo themanini ulisikie kwangu, usilisome ukutani. Nimechelewa, najua. Nilikuta karamu, na karamu ile ilinikamata sijajiandaa. Mama yako ni hodari wa kushika, ndugu yangu! Nimeshikwa na watu wengi katika maisha yangu, lakini kama yule sijaona. Hakuniacha hata nikohoe.

Nilishuka kwa sababu huko juu kuna majitu, yananikalia mbavuni. Sikushuka kwa ajili ya kukuzibia wewe. Sasa baada ya karamu ile mambo yamebadilika, na silali vizuri. Basi sikiliza. Sema neno moja tu, nitaanza kula. Mimi ni mtu wa Kutaisi, kula ndicho kipaji changu cha kwanza, judo ni cha pili. Wiki tatu zinanitosha kurudi tisini na tatu, na wewe utakwenda Minsk njia nyeupe.

Yule binti mdogo hajambo? Alinishika kidole kwa nguvu sana. Amerithi.

Jumber


Kambini, 14 Februari 1975

Jumber,

Usile!

Ninyi Waimereti mna midomo ya asali, lakini hili ulilosema limenichoma. Nikifika Japani kwa sababu mwenzangu alikula mikate ya jibini, nitasimamaje kule? Nitakuwa nimepewa. Sitaki kupewa kitu. Nataka kukuangusha wewe, uwe na kilo themanini na njaa yako yote, watu wakitazama.

Tufanye hivi. Minsk, kuanzia salamu ya kwanza mpaka ya mwisho, mimi sikujui na wewe hunijui. Atakayelegeza mkono kwa makusudi, undugu umekatika hapohapo. Mwamuzi akishatangaza mshindi, tupeane mikono mbele ya ukumbi wote, kisha tukanywe mpaka watufukuze.

Ukikubali, jibu.

Imeda


SIMU YA MAANDISHI, Tbilisi, 20 Februari 1975

NIMEKUBALI. NINA NJAA. JUMBER


Kambini, karibu na Moscow, 6 Machi 1975

Imeda Burduli,

Sikuiti ndugu. Wewe mwenyewe ndiye uliyeandika undugu unakatikaje.

Wamenileta huku kujiandaa na Japani, wamenipa kitanda karibu na dirisha, naambiwa kilikuwa chako. Nalala juu yake nikiwaza jambo moja tu, na silielewi. Dakika ya tatu uliukamata ukosi wangu kwa mkono wa kulia. Nikasema basi, nimekwisha, maana nchi nzima inajua kinachofuata: mkono ule unaruka juu ya bega, unakamata mkanda mgongoni, na mtu anakwenda hewani. Nikaungoja. Haukuja! Mara mbili nilikuwa wazi kabisa mbele yako, hata kipofu angeniangusha. Wewe umeshika ukosi tu, kama bibi kizee aliyeshika leso yake. Mwamuzi akakuonya. Kocha wako anapiga kelele mpaka sauti inamkauka. Wewe umeshika ukosi.

Nikakuchota kwa kushoto, ukaanguka kama gunia. Hata mkeka hukuupiga kwa kiganja! Mtoto wa miaka saba anafundishwa siku ya kwanza kwamba ukianguka unapiga mkeka ili mwili usalimike. Nilisikia mfupa wako ukilia. Nikakuinamia, nikakupa mkono, kama tulivyoagana. Uliutazama. Ukainuka, ukapita, ngumi umeibana kifuani. Ukumbi mzima uliona mkono wangu umebaki hewani.

Kwa hiyo ama ulinipa pambano, ama ulinichukia baada ya kulipoteza, ama yote mawili. Ulinikataza kula mkate, kisha ukanilisha huu mbele za watu. Nitakwenda Japani na nafasi ambayo sijui kama ni yangu. Niambie kwa nini. Nastahili kujua.

J. Lomtadze


Hospitalini, Minsk, 12 Machi 1975

Jumber,

Naandika kwa mkono wa kushoto, vumilia mwandiko. Mfupa wa mtulinga umevunjika mahali pawili, na bega limetoka.

Sikukuachia. Zaidi ya hapo siwezi kusema. Nafasi ni yako, nenda nayo.

Imeda


Nigozeti, 16 Machi 1975

Imeda,

Barua ya hospitali imefika, mwandiko kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Daktari anasemaje? Niandikie anasemaje, usinifiche.

Huku kijijini hatupumui. Waliosoma gazeti wamewasimulia wasiosoma. Wengine wanasema ulimwachia Jumber kwa sababu ya Khatuna, na wanakusifu! Mzee Soso kanishika mkono dukani, eti mumeo kaheshimu ngoma hata isipokuwepo. Wengine wanasema mkono wako umezeeka, na mmoja wao kaka yangu Valiko kamtupa kwenye pipa la kabichi. Mimi sifa hizi zinaniuma kuliko matusi. Ulisema wewe na yeye mmeapiana kutolegeza mkono. Nilikuamini. Nilikaa na redio siku nzima, mtoto magotini, na maandazi ya nyama yakapoa mezani.

Ulimwachia? Mimi ni mkeo, si gazeti.

Mama yeye anamshukuru Mungu kwamba pua ya Jumber ni nzima. Akishashukuru analia kwa ajili ya bega lako. Sijui nimfanyeje.

Tsiala


Minsk, 27 Machi 1975

Tsiala wangu,

Nimepata wa kunibebea barua, Mgeorgia mwenzetu anayeuza machenza sokoni hapa, kesho anarudi nyumbani. Kwa hiyo nakuambia yote. Choma ukimaliza.

Sikumwachia. Nilikwenda kumwangusha, na nilikuwa namwangusha. Nilipouvuta ukosi wake, uzi ukakatika, kidole gumba changu kikagusa kitu. Nikakijua palepale. Kitu kama hicho kimo kwenye ukosi wa koti langu miaka sita sasa, mahali hapohapo, kushoto, karibu na moyo. Unazikumbuka hereni za harusi za mama, zile zenye visalaba viwili vya fedha? Kimoja alinishonea mimi. Cha pili nilidhani kimo kwenye kasha lake. Kumbe kamshonea mgeni siku ile alipomfulia! Tena bila kumwambia, maana Jumber hana habari mpaka leo.

Na kilikuwa kinatoka. Kichwa kilishachungulia nje ya kitambaa. Hatua nne kutoka mkekani kuna meza, na nyuma ya meza wamekaa wakubwa wanaoamua nani apande ndege na nani asipande. Kingeanguka mbele ya macho yao. Jumber asingeiona Japani maishani mwake, pengine na chuoni kwake Tbilisi wangemfukuza. Halafu wangemuuliza, nani kakushonea? Wangefika kwa mama, wangefika kwa padri, wangefika kwa mtoto wetu.

Sitaki kujifanya kwamba niliyapima hayo yote. Mkono ulifumba, basi. Mimi mwenyewe nilikuwa naupigia kelele moyoni: achia! ruka! shika mkanda! Haukunisikia. Na nikuambie ukweli wote, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Kulikuwa na kitambo kidogo sana nilipotaka kuachia. Kianguke, na liwe liwalo, mimi niende Japani. Kitambo hicho ndicho kinachonitembeza humu koridoni, wauguzi wanakuja kunirudisha kitandani kama mtoro.

Aliponirusha, kilikatikia mkononi mwangu. Ili nipige mkeka ilibidi nifungue kiganja. Sikufungua. Aliponipa mkono, mkono wa kumpa sikuwa nao.

Daktari anasema mfupa utaunga, lakini mkono hautapanda juu ya bega tena. Basi hautaruka tena juu ya bega la mtu yeyote. Nimekwisha, Tsiala. Nalitazama neno hili nililoliandika, na bado siliamini.

Usimwambie mama. Akijua ni sindano yake atakufa kwa majonzi. Na Jumber siwezi kumwandikia, barua za kambini zinafunguliwa. Acha anichukie mpaka arudi. Inaniuma kuliko bega, lakini acha.

Kitu chenyewe kimo ndani ya bandeji yangu.

Imeda wako


Nigozeti, 8 Aprili 1975

Imeda,

Nililia, kisha nikaichoma. Mama aliniuliza nalia nini, nikasema vitunguu. Akatazama jikoni, hakuona kitunguu hata kimoja.

Sitamwambia. Lakini ujue unanitwisha mzigo mzito. Kila jioni anaketi pembeni yangu na kile kikapu chake cha nyuzi, anamshonea Khatuna vigauni, na mimi namtazama ile sindano inavyopanda na kushuka.

Kuhusu kile kitambo chako. Ulitaka kuachia na hukuachia. Mimi naona imetosha. Lakini najua hutanisikia, utaendelea kujitafuna.

Na hii habari ya simu yako, kwamba utabaki Minsk mpaka Juni kufundisha watoto judo, sijaipenda hata kidogo. Bega limeunga, treni zipo. Unajificha, Imeda. Unaogopa kuingia geti hili bila Japani mkononi. Mimi Japani sikuolewa nayo. Rudi nyumbani.

Tsiala


Nigozeti, 18 Mei 1975

Imeda,

Ndiyo, ni mimi, na ndiyo, naandikia mezani kwenu. Shaliko ataifikisha Moscow, na kutoka hapo mwenzake wa treni ya Minsk atakupa mkononi. Soma mpaka mwisho kabla hujaitupa.

Nimerudi kutoka Japani na medali ya shaba. Nilikuja huku jana kumwona Khatuna, nikisema ugomvi wetu mtoto haumhusu. Nilikusudia nimbusu, nimpe mwanasesere wa Kijapani, niondoke kabla ya chakula. Utaniambia ni nani amewahi kuondoka kwenu kabla ya chakula. Mama yako alininyang'anya mkoba getini, akaenda nao kufua. Mkeo akanimiminia divai bila kunitazama usoni. Nikajua ananichukia, nikanywa kimya, jambo ambalo mtu wa Kutaisi hulifanya mara moja katika maisha yake.

Mara mama akatoka uani, koti langu la judo limemning'inia mikononi, maji yanachuruzika.

"Nani kashona hapa kwa uzi mweusi?"

"Mimi, mama. Ukosi ulifumuka Minsk, nikaushona mwenyewe kambini."

"Ulifumuka mikononi mwa nani?"

"Mwa Imeda."

Akaupapasa ukosi, kwanza kwa kidole kimoja, kisha kwa mikono yote miwili, kama mtu anayetafuta funguo gizani. "Na kilichokuwamo kilianguka wapi?"

"Kilikuwamo nini, mama?"

Akaniambia. Imeda, hebu fikiria! Nimeruka nalo koti lile mpaka Minsk, nimeinama nalo mbele ya meza ya wakubwa, na sikujua! Nikamwambia, "Mama, hakikuanguka. Kingeanguka pale, mimi nisingefika Japani, ningekuwa najibu maswali mpaka leo."

Akakaa kwenye ngazi, koti magotini, hata hakuona kwamba linamlowesha.

"Basi kuna mtu alikidaka," akasema.

Tsiala akaweka jagi chini, akaingia ndani mbio. Hapo nikaelewa kwamba hakuwa akinichukia. Alikuwa ameambiwa anyamaze. Nikautazama mkono wangu juu ya meza, nikaufumba ngumi, nikajiuliza mtu akianguka na ngumi namna hii atapigaje mkeka, na ni mfupa upi utavunjika. Jibu nilikuwa nalo. Nililisikia kwa masikio yangu.

Nilikuandikia kwamba ulishika ukosi kama bibi kizee aliyeshika leso. Nilikuandikia kwamba ulinilisha aibu. Naona haya, ndugu yangu, naona haya mpaka nashindwa kukaa kwenye kiti hiki. Ulilala hospitalini umevunjika, nikakutukana juu yake, na wewe ukanijibu mistari mitatu kwa mkono wa kushoto.

Sasa nisikilize, mimi ndiye mwenye maneno leo. Mama yako hajala tangu jana. Sindano ameitupa kisimani. Anasema alitaka kuwalinda watoto wake wawili, akamvunja mmoja. Nimemwambia huna kinyongo, haniamini, anasema nina maneno matamu. Anataka kukusikia wewe. Tsiala naye anatembea toka dirishani hadi mlangoni, anasema kajifunza kwako. Khatuna ndiye pekee aliyetulia, anaota jino, anaitafuna medali yangu ya shaba.

Kocha nimempelekea habari kwamba nina homa. Siondoki hapa. Asubuhi mpaka jioni nakaa getini kwenu, na mkono niliokupa Minsk ninao, uko vilevile ulivyouacha. Ukae hewani mpaka uje wewe uushike, hata kama ni kwa kushoto. Panda treni. Na kile ulichokidaka uje nacho, umfungulie mama yako kiganja akione kwa macho yake, kisha umwambie ale.

Ndugu yako wa ubatizo,
Jumber


SIMU YA MAANDISHI, Minsk, 24 Mei 1975

NINACHO. NAFIKA JUMAPILI. MWAMBIENI MAMA APIKE, NINA NJAA. IMEDA